Aliletwa, Akaolewa, Akazikwa: Kwa Nini Naandika Mapenzi ya Zamani

Karibuni, vueni viatu, kaeni. Leo sina mapishi wala mambo ya ngozi. Leo nina ugomvi, na naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjaamua nani ana makosa.

Niko Katubuka, Kigoma, nyumbani kwa mama. Wengi mnajua kuwa mimi ni mtoto wa Kigoma niliyeolewa Unguja. Likizo ya watoto ikifika tunafunga mizigo tunakuja huku, tunakula migebuka na ugali wa muhogo mpaka nguo zinabana. Jioni ya juzi tulikuwa uani. Mama anachambua dagaa kwenye ungo, mimi nimekaa mkekani na daftari langu, naandika. Mjomba akabisha hodi, akakaribishwa, akakaa kitini, akaniangalia kwa muda.

"Bado unaandika zile hadithi zako za mapenzi?"

"Bado, mjomba."

"Za watu wa zamani?"

"Za watu wa zamani, mjomba."

Akatikisa kichwa. Akasema, mwanangu, wewe umesoma, una akili, una mume na watoto, andika kitu cha maana. Andika historia ya Ujiji. Andika juu ya biashara. Andika mawaidha. Mapenzi ya watu waliokwisha kuoza kaburini yanamsaidia nani?

Nilinyamaza. Ni mjomba wangu, kanibeba mgongoni nikiwa mdogo, na siku hiyo alikuja na samaki. Humjibu mjomba wako mbele ya mama yako. Lakini nilichokimeza pale uani kimenikaa kooni siku tatu, na leo nakitoa hapa, kwa sababu najua mjomba hayuko peke yake. Kuna dada wa darsani aliyeniambia hadithi za mapenzi zinaamsha matamanio. Kuna rafiki yangu msomi aliyeniambia nabuni uongo na kuubandika tarehe. Na kuna jirani, mama mtu mzima, aliyeninong'oneza: mwanangu, mambo ya utumwa yamelala, mnayaamsha ya nini?

Nitawajibu wote wanne, mmoja mmoja. Lakini kwanza niwaambie nilikoanzia.

Neno moja tu

Mama yake bibi yangu alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Sisi ni Wamanyema, kama familia nyingi za Ujiji, na ng'ambo ndiko kwetu kwa asili. Walivuka watu wa kila aina: wapagazi, askari, wafanyabiashara, wake za watu, na wengi sana waliovushwa wakiwa wamefungwa. Nilipokuwa msichana nilimuuliza bibi: mama yako alikujaje Ujiji? Bibi alikuwa mtu wa maneno mengi, anaweza kukusimulia harusi ya miaka hamsini nyuma mpaka rangi ya kanga ya somo. Siku ile alinijibu neno moja.

"Aliletwa."

Nikauliza tena, akaniambia: aliletwa, akaolewa, akatuzaa, akazikwa. Basi.

Nilikuja kulielewa jibu lile shuleni, kwenye somo la Kiswahili, mwalimu alipokuwa anatufundisha kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Leta, letwa. Chukua, chukuliwa. Pa, pewa. Uza, uzwa. Nikaona maisha yote ya mama yake bibi yamo upande mmoja wa ubao, upande wa kutendwa. Hata neno la heri kuliko yote tumeliweka huko huko: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kitenzi kimoja cha kutenda alichoachiwa ni kuzaa, na hicho nacho kwa sababu hakuna namna ya kumzalia mtu mwingine mtoto wake.

Dada zangu, hiyo ndiyo sababu. Naandika mapenzi ya zamani kwa sababu kupenda ni kitenzi cha kutenda. Hadithi ya mapenzi, ikiwa hadithi ya kweli, haiwezi kwenda hata ukurasa mmoja bila kumuuliza mwanamke: wewe unataka nini? Historia tuliyofundishwa inauliza alikuwa mke wa nani, alikuwa mali ya nani, alinunuliwa kwa vitambaa vingapi. Swali lile jingine haliulizi kabisa.

Mjomba, historia ya Ujiji imekwisha kuandikwa

Mjomba anataka niandike historia ya Ujiji. Twende basi Ujiji, mjomba, si mbali.

Tukifika tutaonyeshwa mahali pa mwembe ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kuna ukumbusho, kuna makumbusho, kuna sanamu za wazungu wawili wanasalimiana. Watoto wa shule wanapelekwa, wanakariri. Sasa waulize watoto hao: Livingstone alikuwa anatoka wapi alipofika Ujiji mwezi wa Oktoba mwaka ule, mgonjwa na amevunjika moyo? Alikuwa anatoka Nyangwe, huko Manyema, kwenye Mto Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa sokoni Nyangwe. Soko lile lilikuwa la wanawake zaidi. Ndio waliokuja na mitumbwi kuuza samaki, vyungu, kuku na vyakula vya shambani. Watu wa misafara wakawafyatulia risasi. Waliopona risasi wakakimbilia mtoni, wengi wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Mkutano wa wanaume wawili waliovua kofia una mwembe. Soko la wanawake wa Manyema halina hata kijiti. Na hao ndio kina bibi zetu, mjomba, wako na wangu.

Au twende bandarini, tuiangalie Liemba. Tunajua kila kitu juu ya meli ile. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja kuungwa upya Kigoma, ikaingia majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927. Chuma kina wasifu kamili! Kila kilipozamishwa na kila kilipoopolewa pana mwaka wake. Mama yake bibi yangu aliishi mji huo huo, miaka hiyo hiyo, na hakuna aliyeandika hata jina la mama yake.

Au tufungue kitabu cha Tippu Tip. Hamed bin Muhammad aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, na ni hazina, sikatai. Humo tunajua kwamba baba yake alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ndoa ile ikawafungulia njia wafanyabiashara wa pwani. Humo pia anasimulia namna alivyomwambia mtawala wa Utetera kwamba yeye ni mjukuu wa mwanamke wa ukoo wao aliyetekwa zamani, na kwa dai hilo akapewa utawala. Mwanamke alitekwa, halafu vizazi viwili baadaye akageuzwa ngazi, mtu akapandia. Karunde alimpenda mumewe? Yule aliyetekwa alikuwa na mchumba nyumbani siku alipochukuliwa? Kitabu kimepita kama hakikuona.

Kwa hiyo, mjomba, siyo kwamba nimekataa kuandika historia. Naandika ile iliyobaki.

Na niseme hili pia, nisije kulala nalo. Adam Shafi ameandika *Vuta N'kuvute*, Unguja ya wakoloni, na katikati yake yumo Yasmin, msichana aliyemkimbia mume mzee aliyeozwa. Watu wamekisoma mashuleni, kimetengenezewa filamu, tunakisifu, na kinastahili. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, amepewa Nobel mwaka 2021, na katika riwaya yake *Afterlives* mapenzi ya Afiya na Hamza ndiyo yanayotuvusha vita ya Wajerumani na Waingereza. Sisemi tuzo alipewa kwa ajili ya mapenzi. Nasema hakuna mjomba aliyemwendea Gurnah kumwambia aandike kitu cha maana. Mwanamume akiandika mapenzi ya zamani ni mwandishi wa historia. Mwanamke akiandika, ana hadithi zake za mapenzi.

Dada wa darsani, unamkumbuka Barira?

Sasa nije kwako, ukhty. Umesema hadithi za mapenzi zinaamsha matamanio. Ziko zinazoamsha, nakubali, na mimi siziandiki. Chumba cha mume na mke nikifika mlangoni napiga hodi na kurudi. Lakini ukisema mapenzi yenyewe si jambo la mwanamke Muislamu kulisimulia, hapo tutagombana, na mimi nitakuja na ushahidi ulioko kwenye rafu yako mwenyewe.

Barira alikuwa mtumwa Madina. Mumewe, Mughith, alikuwa mtumwa pia. Bibi Aisha, Mungu amridhie, akamnunua Barira na kumwacha huru. Kwa sheria, mwanamke akiachwa huru na mume bado mtumwa, ana hiari: abaki au aondoke. Barira akachagua kuondoka. Mughith alimpenda mno. Alikuwa akimfuata nyuma njiani analia, machozi yanamtiririkia ndevuni, watu wanaona. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwonea huruma, akazungumza na Barira amrudie. Na Barira, mtumwa wa jana, akamuuliza Mtume wa Mungu: hii ni amri? Akaambiwa siyo amri, ni kuombea tu. Akasema basi simhitaji. Na ikaishia hapo. Hakuna aliyemlaumu, hakuna aliyemlazimisha.

Kisa hiki kimo katika Sahih Bukhari. Wanazuoni wamekibeba zaidi ya miaka 1,400, na machozi ya Mughith humo humo, hawakuyafuta kwa kuona aibu. Nani anaweza kuniambia hiki si kisa cha mapenzi? Na ni cha zamani. Na kiini chake ni swali lile lile: mwanamke huyu anataka nini?

Tukasome pia Surat Yusuf, ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe ameitaja kuwa na kisa kizuri kuliko visa. Tukasome yule binti wa mzee wa Madyan aliyekuja kumwita Nabii Musa akitembea kwa haya, kisha akamshauri baba yake amwajiri kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Msichana ametazama, amepima, amesema. Dini haikumnyamazisha. Wanaomnyamazisha wako kwetu, na wamevaa dini kama koti.

Udi na asmini

Hapa nina ugomvi wa pili, na huu ni na waandishi wenzangu.

Mnazijua zile hadithi. Kasri la Unguja, pazia la hariri, harufu ya udi na asmini. Bwana ni kijana mzuri wa Kiarabu, mwenye jambia na macho ya huzuni. Mjakazi ni mrembo kupita kiasi, ameletwa jana na msafara. Bwana anamwona, moyo wake unayeyuka, anamfanya suria, wanapendana, mwisho. Wasomaji wanalia kwa furaha na kuomba sehemu ya pili.

Mimi siombi sehemu ya pili. Mimi namuuliza mwandishi swali moja: angesema hapana, ingekuwaje?

Kwa sababu penye kutowezekana hapana, ndiyo haina uzito. Na visiwani tunapaswa kulijua hili kuliko watu wote. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Hadhi ya utumwa ikaondolewa kisheria 1897. Lakini masuria waliachwa nje ya amri ile! Ilisemwa kuwa wao ni kama wake, mambo yao ni ya ndani ya nyumba. Ikabidi wangoje mpaka 1909. Miaka kumi na miwili mpishi anaweza kwenda kudai uhuru wake, mpagazi anaweza, mkulima anaweza, na yule wa chumbani hawezi, eti kwa kuwa yeye anapendwa. Mkiona mtu anapamba maisha ya suria kwa asmini, kumbukeni miaka ile kumi na miwili. Neno mapenzi lilitumika kufunga mlango.

Mtasema, je, Sayyida Salme? Mama yake Jilfidan alikuwa suria wa Sayyid Said, na binti amemwandika kwa upendo. Ndiyo. Salme mwenyewe ni kisa cha mapenzi kuliko vyote vya Unguja: alizaliwa 1844, akampenda Mjerumani jirani yake, Heinrich Ruete, akatoroka 1866, akaolewa Aden 1867, akaishi Hamburg, akawa mjane 1870 mume alipogongwa na tramu, na kitabu chake kikachapishwa 1886. Alilipa kwa nchi, dini na ndugu zake. Lakini msome mpaka mwisho: huyo huyo, binti wa mwanamke aliyetekwa utotoni, aliandika kuutetea utumwa wa nyumbani kwao, kwamba haukuwa mbaya kama Wazungu walivyosema. Mtu anaweza kuwa jasiri kwa moyo wake mwenyewe na asiuone moyo wa aliyekuwa anamchotea maji. Hili ndilo linalofanya kazi hii iwe ngumu, na ndilo linalonifanya nisiiache kwa wenye asmini.

Kanuni yangu ni hii, na nimeibandika ukutani: katika hadithi zangu hakuna anayempenda mwenye kummiliki. Anaweza kumzoea. Anaweza kumhurumia, kumzalia, hata kumlilia akifa, kwa maana binadamu ana mambo mengi. Neno kupenda simpi mpaka awe na mlango wa kutokea.

Msomi wangu, tuhesabu miaka

Rafiki yangu msomi anasema nabuni. Nabuni, ndiyo. Nabuni moyo, sibuni sheria wala reli. Nimeshawahi kuandika sura nzima nzuri, msichana anashuka kwenye treni Kigoma mwaka 1911, upepo unapeperusha ushungi wake. Nikaichana. Reli ilifika Kigoma 1914.

Nikupe mfano wa ninachoandika sasa, uone kama ni uongo uliobandikwa tarehe au ni tarehe iliyokuwa inalia miaka mia haina wa kuisikiliza.

Wajerumani hawakuukomesha utumwa hapa bara. Walichofanya, kwa amri ya mwaka 1904, ni kusema kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Disemba 1905 ni huru. Soma tena polepole. Sasa chukua mama mmoja Ujiji, mtumwa, mwenye mabinti wawili. Mkubwa kazaliwa 1905. Mdogo kazaliwa 1907. Wanalala mkeka mmoja, wanasukana nywele, wanagombania kipande cha muhogo. Mmoja ni mtumwa, mmoja ni huru. Akija mchumba wa mdogo, atazungumza na wazee wake. Akija mchumba wa mkubwa, mwenye kutoa idhini ni bwana, na mahari ni ya bwana.

Hesabu pamoja nami. Huyu mkubwa ana miaka 11 Wabelgiji wanapoingia Kigoma, mwaka 1916. Ana miaka 16 Waingereza wanapowapokea Wabelgiji, 1921. Serikali tatu zimempitia kichwani na hakuna hata moja iliyomuuliza kitu. Ana miaka 17 mwaka 1922, sheria ya Waingereza inapoukomesha utumwa Tanganyika. Na mwaka 1924, Liemba inapoopolewa, kuna kijana anayegonga kutu kwenye ule mwili wa meli. Anamwona akipita na ndoo ya dagaa, na anatuma mtu kuuliza.

Hapo ndipo ninapoandikia mimi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake yupo mtu anayesubiri jibu lake. Si la bwana, lake. Anajibuje mtu ambaye hajawahi kuulizwa? Anaanzaje hata kujua anachokitaka? Mwanahistoria mzuri atanipa ile sheria, nami nitamshukuru na kumbusu mikono. Wapo walioifanya kazi hiyo kwa dhati. Sheryl McCurdy, kwa mfano, amewaandika wanawake wa Kimanyema wa Ujiji, hamu zao na kanga zao, wakati wengine walikuwa wanahesabu pembe. Lakini jibu la yule msichana halimo kwenye faili lolote, kwa sababu hakuna karani aliyeliandika. Nikikaa kimya kwa kuogopa kubuni, nimekubaliana na karani.

Jirani, hayajalala

Nimekuweka mwisho, mama, kwa sababu wewe ndiye uliyeniumiza, na ulisema kwa huruma.

Umesema mambo ya utumwa yamelala. Mwaka juzi binti wa ndugu yangu aliposwa. Kijana anamtaka, yeye anamtaka kijana, wamesoma pamoja, wana heshima zao. Posa ikapokelewa, siku ikakaribia kupangwa. Halafu kukawa kimya. Wiki mbili, tatu. Mwisho akaja mtu, akazungumza chini chini na wazee, na neno lililobaki sebuleni baada ya yeye kuondoka lilikuwa moja: asili. Wazee wa upande wa pili waliulizia, wakaambiwa mama yake bibi alikuwa nani. Aliletwa.

Mtoto yule hajafanya kosa lolote. Kosa lake ni kitenzi cha miaka mia na zaidi iliyopita. Na sisi wenyewe tulimsaidia aliyemhukumu, kwa sababu tulishusha macho. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusema: ndiyo, aliletwa, na ngoja nikwambie alikuwa mtu gani. Hatukuwa na la kusema. Tulichoachiwa ni neno moja, na neno lile lilikuwa la waliomleta.

Yangekuwa yamelala, mama, yasingeamka kwenye posa. Yamefunikwa tu, na kilichofunikwa bila kuoshwa kinanuka. Mimi sitaki kuwafedhehesha watu. Simtaji mtu kwa jina lake, sifukui ukoo wa mtu. Nataka siku nyingine mtu akija na lile neno la asili, awepo msichana sebuleni ambaye amesoma, ameshamlilia na kumcheka na kumshangilia mwanamke kama mama yake bibi, na macho yake hayatashuka. Aibu ni ya aliyeuza. Kwa nini aliyeuzwa ndiye mjukuu wake anayeinama?

Ndiyo maana sikuchagua mawaidha. Mawaidha yangemwambia usione aibu, na angejibu ndiyo shangazi, na angeendelea kuona aibu. Hadithi inamfanya ampende yule mwanamke kwanza. Huwezi kumwonea aibu mtu uliyekesha usiku kucha ukimwombea apate anachokitaka.

Jibu la mama

Jana usiku, mjomba alikuwa ameshakwenda zake, umeme ulikatika. Mama akaniambia: hebu nisomee. Hajawahi kuniomba. Nikawasha tochi ya simu, nikamsomea sura ile ya 1924, ya kijana wa Liemba na ujumbe wake. Mama macho yamempungua, lakini masikio ni ya ujana. Alikuwa anaendelea kuchambua dagaa kwa kupapasa. Nilipofika mahali mjumbe anauliza, "Basi nikamwambie nini?", nikafunga daftari, kwa sababu nilikuwa sijaandika zaidi ya hapo.

Mikono ya mama ikasimama.

Mama yangu aliozwa akiwa na miaka kumi na sita. Baba alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, waliishi vizuri, sina la kulaumu. Lakini najua, kwa kuwa aliwahi kuniambia siku moja tu, kwamba alijua ana mchumba siku ilipoletwa kanga.

Nilidhani atasema msichana akubali. Kijana ana kazi, hana maneno, anasubiri. Akakaa kimya, halafu akasema:

"Asijibu leo. Mwambie asiwe na haraka. Aende kwanza ziwani, akae."

Basi nimeandika hivyo. Yuko ziwani, amekaa, kijana anasubiri. Na mimi nasubiri pia.

Mjomba anakuja tena Ijumaa baada ya swala. Mama ameniambia nisifiche daftari.

Nawapenda kwa ajili ya Mungu. Tuonane wiki ijayo, inshaallah, na safari hii nitawaletea migebuka kwa mawese, kama anavyoipika mama.